Mtaala wa kumsomesha mtoto nyumbani hapa Dar: usilipie kitu kabla hujapita huku

Wamama wenzangu swali lao ni lile lile, ninunue mtaala gani, na mi siku zote nawajibu kwa swali: huyo mtoto atatokea mlango gani? Maana unaweza kumfundisha sebuleni kwako Tabata vizuri kabisa, anasoma, anazidisha na kugawanya, afu siku unataka aende sekondari ndo unagundua hayumo kwenye daftari la mtu yeyote.

Sheria ya Elimu ya 1978 inataka mtoto aliyefika miaka 7 na hajafika 13 awe ameandikishwa elimu ya msingi. Na mitihani ya NECTA, yani Baraza la Mitihani, ule upimaji wa darasa la nne na ule wa kumaliza msingi, mtoto anasajiliwa kupitia shule, hata namba ya PReM, ile ya kumtambulisha mwanafunzi, inatokea huko huko. Kwa hiyo usifanye kwa kujificha, nenda kaonane na afisa elimu wa kata au manispaa yako, mweleze unachotaka kufanya na umuulize mtoto aandikishwe vipi, ujue kabisa kabla hujatoa hela ya vitabu. Kuna wengine wamemwandikisha mtoto shule ya karibu na nyumbani wanamfundisha jioni na likizo tu, na nyie pia haya yanawahusu.

Haya, milango. Kama atafanya mtihani wa NECTA basi uti wa mgongo wako ni mtaala wa Taasisi ya Elimu, TET, vingine vyote ni vya kuongezea. Hapa angalia sana, mtaala umebadilika. Ule mpya ulianza Januari 2024 kwa awali, la kwanza na la tatu, na elimu ya msingi inakuwa miaka 6 badala ya 7, yani waliokuwa la tatu mwaka 2024 ndo wanamaliza la sita 2027. Sasa we unapewa na wifi yako boksi zima la vitabu vya mwanae aliyemaliza zamani, unafurahi umeokoa hela, kumbe mtaala ule umepita. Shukuru, pokea, vya hesabu vitafaa kwa mazoezi, ila mpangilio wako usiutoe humo.

Vitabu vipya TET wameviweka kwenye maktaba mtandao yao, unasoma bure. Wazazi wengi wanakimbilia kitabu cha mwanafunzi peke yake, mi nakwambia tafuta muhtasari wa somo kwanza. Muhtasari ndo unakuonyesha mtoto anatakiwa aweze nini, upime vipi, na kila kitu kimepewa vipindi vingapi. Ukiwa na muhtasari na kiongozi cha mwalimu hata kitabu kikichelewa unafundisha, ukiwa na kitabu tu unabaki unafunua kurasa.

Kama mlango wako ni Cambridge, mtaala wa Uingereza, msingi wao una hatua 6, na mtihani wao wa mwisho, Checkpoint, unafanyiwa kwenye shule zilizosajiliwa nao. Kwa hiyo nyumbani unaweza ukafuata vitabu vyao vya Kiingereza, hesabu na sayansi, ila kituo cha mitihani uwe umeshakiuliza mapema na sio mwaka wenyewe wa mtihani. Na ndugu zangu wa makanisani mnaotumia ACE, mtaala wa Kikristo wa Marekani wenye vile vijitabu vya PACE, hesabuni vizuri: ni 12 kwa somo moja kwa mwaka, masomo matano tayari ni 60. Uzuri wake mtoto anajisomea mwenyewe kwa kasi yake. Ila kujisomea kunataka mtoto anayejua kusoma, wa miaka 6 bado utakaa naye kila siku, usidanganyike kwamba utampa kijitabu uende zako Kariakoo.

Sasa niwaambie kosa langu. Mwaka wa kwanza nilinunua pakiti zima la mtaala mmoja wa Marekani, masomo yote, picha nzuri, nikajiona nimemaliza kazi. Wiki ya tatu tukafika somo la hela. Mtoto anaambiwa ajumlishe nickel na dime na quarter, hajawahi kuiona hata moja, ananiuliza mama hiyo quarter inanunua nini. Kupima ni inchi na paundi wakati kwa mangi sukari inauzwa kwa kilo. Majira ya mwaka ni manne, majani yanadondoka, theluji inaanguka, wakati nje kwetu ni masika, maji yamejaa mpaka getini. Nikajikuta kila siku usiku nakaa kutafsiri somo, hela nimelipa na kazi nafanya mwenyewe.

Nikajifunza hivi: hesabu na kusoma Kiingereza unaweza kununua vya nje bila shida kubwa, ukaruka kurasa za hela na vipimo ukazifundishia gengeni kwa shilingi. Lakini sayansi ya mazingira, jiografia, historia, Kiswahili, hivyo chukua vya nyumbani. Hata kama mtoto wako ni wa Cambridge, asomee na Historia ya Tanzania na Maadili, isije ikawa anajua wafalme wa Uingereza wote afu ukimuuliza Kinjikitile ni nani anakutolea macho.

Kusoma hapa ndo niongee kidogo, maana ndo panapoharibika. Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa, a ni a tu popote ilipo, kwa hiyo mtoto akishika ba be bi bo bu na silabi zenzake anakuwa anasoma ndani ya miezi michache. Kiingereza sio hivyo. Ukimwanzishia vyote viwili wiki moja, ukiandika e anasoma i, ukiandika i anasoma ai, mpaka jina lake mwenyewe anakosea. Mi wa kwanza nilimvuruga kwa haraka ya kutaka aongee kizungu kama watoto wa ingilishi midiamu. Wa pili nikaanza na silabi za Kiswahili mpaka anasoma sentensi, Kiingereza tunaongea tu na kuimba, halafu ndo nikaleta sauti za herufi za Kiingereza kama kitu kingine kabisa, na daftari la rangi nyingine. Akashika kirahisi, maana alishajua kusoma ni nini. Kwa hiyo ukikuta mtaala wa Kiingereza umeandikwa darasa la kwanza na unadhani mtoto ana kiingereza cha watoto wanaoongea hicho kwao tangu kuzaliwa, shuka ngazi moja chini wala usione aibu.

Na hesabu vivyo hivyo, usinunue kwa umri. Mitaala mingi ya nje ina jaribio la kupima kiwango kwenye tovuti yao, bure, printi mpe mtoto afanye bila kumsaidia (najua mkono utawasha). Unaweza kukuta yuko la tatu kwa kujumlisha na la kwanza kwa mafumbo. Mi napenda hesabu za mtindo wa Singapore kwa sababu zinaanza na vitu vya kushika, afu picha, namba tupu mwisho, na vitu vya kushika hata hununui, vizibo vya soda na kete za bao vinatosha.

Gharama. Watu wanaona pdf ya bure wanashangilia, hawajapiga hesabu ya steshenari. Kitabu cha mazoezi kurasa 280, kwa shilingi 100 kila ukurasa mweusi, ni 28,000, bado kubaindi, na ni somo moja. Mara masomo manne hapo ushafika laki na kitu. Mtaala wa video nao unakula bando kila siku, na umeme ukikatika saa tatu asubuhi darasa limeisha. Kwangu sheria ni moja, somo la lazima liwe kwenye karatasi, simu ibaki kwa vya ziada, masomo ya bure ya mtandaoni ya Khan Academy au katuni za Ubongo Kids jioni.

Jiangalie na wewe. Kama unatoka na mwendokasi saa kumi na mbili asubuhi, anayebaki ni bibi au dada wa kazi, usinunue mtaala unaotaka mwalimu aandae somo la saa nzima kila siku, hautatumika hata mwezi. Chukua wenye maelekezo mafupi ya nini cha kusema na nini cha kufanya. Kwa mtoto wa miaka 7 au 8 mi nakaa naye mezani kama saa mbili tu, mchana anaenda madrasa, inatosha kabisa.

Mwisho, omba sampo. Printi wiki nne za kwanza tu, fundisha kweli kweli, afu angalia mtoto anakuja mezani au anajificha chooni. Vya hapa kavifungue kwa mkono pale duka la vitabu la TPH, Samora, na Maktaba Kuu ya barabara ya Bibi Titi uulizie kadi ya mtoto, hadithi za kusoma ndo zinaisha haraka kuliko kitu chochote na huwezi kununua zote. Ukipita wiki nne bado mnasalimiana vizuri, haya sasa, lipia muhula mmoja. Mwaka mzima nilishalipia, boksi bado liko juu ya kabati.