Kabla hujampeleka mkeo kwenye bistro ya Kifaransa

Piga simu saa tisa alasiri. Saa hiyo wateja wa mchana wameshaondoka, wa usiku hawajafika, na mpishi yupo jikoni anakata vitunguu vyake bila ya pupa. Akiitwa, anakuja kwenye simu. Ukipiga saa mbili usiku utajibiwa na kijana aliyebeba sahani tatu mkononi, na kila utakalouliza atakwambia "ndiyo, bosi". Mengi nitakayoyaeleza hapa yanarudi kwenye simu hiyo, kwa sababu masuali ya mkahawa wa Kifaransa ni ya kuulizwa kabla. Mezani, mbele ya mwenzako aliyejipamba na kujitia udi, suali la "mumetia nini humu?" likiulizwa mara ya tatu linageuka mahojiano ya polisi.

Lakini hata kabla ya simu, zungumza na mwenyewe unayempeleka. Bistro ni mahali pa divai. Chupa zimepangwa rafuni, kaunta mara nyingi iko karibu na mlango, na meza ya jirani ina glasi. Wapo wake zetu ambao hilo haliwasumbui maadamu wao hawanywi, na wapo ambao kukaa pahala inapopita pombe ni jambo la dini, halina mjadala. Kumshtukiza mtu kwa maua ni vizuri. Kumshtukiza kwa ukumbi kama huo ni kumtia kwenye mtihani mbele za watu. Muulize nyumbani. Akikataa, mji wetu huu wa Zanzibar una mikahawa mizuri isiyouza pombe, na usiku wenu bado upo. Akikubali lakini hataki kukaa kwenye macho ya wapita njia, omba meza ya pembeni, mbali na kaunta. Na nimeandika "mkeo" kwa makusudi: wachumba wana hesabu zao na wazee wao, mie siingii humo.

Inafaa pia kujua unakwenda kwenye nyumba ya namna gani, maana wengi wetu mkahawa wa kizungu tumeuzoea kwa sura ya hoteli ya ufukweni: ukumbi mpana, bafe ndefu, wahudumu kumi. Bistro kwa asili ni kijimkahawa cha mtaani cha Paris, meza chache zilizobanana, mpishi mmoja na msaidizi, vyakula vya siku vimeandikwa kwa chaki ubaoni. Hizi za kisasa zina historia yake. Mwaka 1992 mpishi Yves Camdeborde, aliyekuwa amefanya kazi kwenye jiko la hoteli kubwa ya Crillon, alifungua mkahawa mdogo wa La Régalade kwenye mtaa wa kawaida kusini mwa Paris, akapika kwa ufundi wa hoteli kubwa lakini kwa bei ambayo watu wa mtaani waliimudu. Wengi walimfuata. Ndiyo maana leo ukiingia kwenye bistro mpya, iwe Paris au kwetu Shangani, utakuta menyu fupi yenye sahani nne au tano kuu, inayobadilika kwa kilicholetwa sokoni asubuhi. Usiende umeshajichagulia chakula kwa picha uliyoiona kwenye simu. Siku kukipatikana jodari mzuri, atapikwa jodari.

Udogo huo ndio unaolazimisha kuweka meza mapema. Pakiwa na meza kumi na mbili tu, mtu aliyechelewa nusu saa amevuruga zamu nzima. Kwa hiyo panga saa utakayoiweza kweli. Isha kwetu huadhiniwa kiasi cha saa moja na robo tu baada ya Magharibi, kwa hivyo anayetaka kuswali kwanza, avae, amsubiri na mwenzake amalize kufunga mtandio, aweke meza ya saa mbili na nusu. Asijidanganye na saa moja. Waulize pia jiko linafungwa saa ngapi. Ramadhani mikahawa mingi hubadilisha saa zake au hufunga, na mwezi wa nne na wa tano, masika yakikolea na wageni wakipungua, wengine hufunga kabisa kwa matengenezo.

Sasa jikoni, ndipo penye kazi.

Watu hudhani divai ya Mfaransa imo kwenye glasi tu, ukiikataa umesalimika. Imo kwenye sufuria. Mpishi akishakaanga nyama, chini ya kikaango hubakia ukoko mwembamba wa rangi ya kahawia, na ladha yote imo humo. Humwagia divai ili ukoko uachie, akaichemsha mpaka ikapungua, kisha akatia kipande cha siagi baridi huku akizungusha kikaango. Ile sosi inayong'aa juu ya nyama ndiyo hiyo. Coq au vin ni jogoo aliyepikwa ndani ya divai nyekundu, boeuf bourguignon ni nyama ya ng'ombe kwa mtindo huohuo, kome wa marinière hufunguka kwa mvuke wa divai nyeupe, na supu ya vitunguu mara nyingi nayo hutiwa.

Utaambiwa pombe yote huruka na moto. Si kweli. Majedwali ya Idara ya Kilimo ya Marekani yanaonesha kwamba chakula kilichotokota dakika 15 baada ya kutiwa pombe hubakisha kiasi cha asilimia 40 ya pombe ile. Cha saa nzima asilimia 25. Cha saa mbili na nusu, asilimia 5. Kinachowashwa moto kwa mbwembwe mbele ya mteja, kama crêpes Suzette, zile chapati nyembamba za maji, hubakisha asilimia 75. Ule moto ni tamasha tu.

Basi kwenye simu usiulize "chakula chenu halali?", maana jibu lake ni "ndiyo" tangu Nungwi mpaka Makunduchi. Uliza hivi: usiku huo, sahani gani hazina divai kabisa, si kwenye sosi, si kwenye supu, si kwenye kile kilicholowekewa nyama? Halafu uulize kama anaweza kukutengenezea sosi kwa supu ya mifupa badala ya divai. Mpishi anayejua kazi anaweza, ila supu ya mifupa hutokota saa kadhaa, ndiyo maana anataka kuambiwa mchana. Akikujibu kwa mkato au akacheka, umeshapata jibu lako, tafuta pengine.

Nguruwe naye ana mbinu zake. Vile vipande vidogo vya nyama yake viitwavyo lardons hurushwa kwenye saladi, kwenye dengu, na ndivyo vinavyoifanya quiche lorraine iwe quiche lorraine, ile pai ya mayai na krimu. Pâté na terrine, yaani nyama ya kusaga iliyoshindiliwa na kuliwa baridi, hata ikiandikwa ya bata au ya maini ya kuku, mara nyingi huchanganywa na mafuta ya nguruwe ili ishikane. Kwenye vitamutamu, suali ni jelatini imetokana na nini, na kama keki imelowekwa ramu, kama ile baba au rhum. Tarte Tatin, yaani tofaa zilizoiva kwenye sukari ya kuungua na siagi, kwa kawaida haina tatizo, na crème brûlée ni mayai, krimu, sukari na vanila. Vanila yenyewe ikiwa ya kichupa imeyeyushwa kwenye spiriti. Ikiwa ni maganda yenyewe ya vanila, hayana neno, na kisiwa kinachootesha vanila hakina udhuru wa kutumia kichupa.

Nyama ni khabari nyengine. Mfaransa ana ngazi nne za kuchoma steki: bleu, saignant, à point, bien cuit, tangu karibu mbichi mpaka iliyoiva kabisa. Ya tatu, ambayo mhudumu ataipendekeza kwa tabasamu, bado ni nyekundu katikati. Ule wekundu si damu; ni maji ya nyama yenye protini iitwayo mayoglobini, damu ilishatoka machinjioni. Lakini ukilijua hilo haina maana koo litakubali, na anayeagiza steki ikaushwe kabisa huishia kutafuna kamba za viatu. Ushauri wangu: kama nyama nyekundu hamuitaki, iacheni steki, agizeni samaki au nyama iliyopikwa pole pole kwa saa nyingi. Samaki wa meunière, aliyepakwa unga, akakaangwa kwa siagi na kumalizwa kwa ndimu, hajawahi kumgombanisha Mzanzibari na Mfaransa. Steak tartare muipite mbali: ni nyama mbichi ya kusaga na kiini cha yai bichi juu yake. Na ikiwa bibie ni mjamzito, ongeza kwenye masuali ya simu yako jibini ya maziwa yasiyochemshwa, chaza wabichi na mousse, kitamutamu laini cha povu, ya mayai mabichi. Bakteria wa listeria na salmonela hawana adabu kwa mama wajawazito.

Mchana wa siku hiyo kuleni kidogo. Siagi na krimu haziendi juu ya biriani.

Mezani hapana mengi ya kuogopa. Entrée ni sahani ya mwanzo, plat ndiyo chakula chenyewe, jibini huja kabla ya kitamutamu, na kahawa huja mwisho peke yake. Boflo lao huletwa bila ya kuagizwa, Wafaransa wenyewe huliweka juu ya kitambaa cha meza, hulimega kwa mkono na kufutia sosi, kwa hiyo mkono wako hautamshangaza mtu. Kisu na uma ndivyo vinavyowatia watu jasho, kwani desturi yao ni uma kubaki kushoto na kula nao huko huko. Anayetaka kula kwa kulia afanye hivi: akate vipande vichache, aweke kisu pembeni ya sahani, ahamishe uma mkono wa kulia. Hakuna atakayegeuza shingo. Na bistro nyingi za kisasa siku hizi huleta sahani ndogo ndogo za kuliwa pamoja katikati ya meza. Kwetu tuliolelewa na sinia, hiyo ndiyo nafuu ya kuombwa. Wawili wakichukua sahani nne za namna hiyo wanaonja zaidi, na kama moja haikupendeza hakuna aliyekwama nayo peke yake.

Vazi halina masharti. Kanzu iliyopigwa pasi na kofia yake inatosha kabisa, baibui linatosha kabisa, na tai hakuna anayeidai. Miguu ndiyo ya kufikiriwa. Vichochoro vingi vya Mji Mkongwe havipitiki kwa gari, teksi itakuacha pembeni na mtatembea juu ya mawe yaliyochakaa, pengine yenye maji, pengine gizani. Bibie akitaka kisigino kirefu, akibebe mkobani na atembee na kandambili nzuri mpaka mlangoni. Uliza kama ukumbi uko chini au darini: ngazi za nyumba za kale za mawe ni kali na nyembamba, na ukumbi wa juu wakati wa vuli unaweza kuhamishwa chini dakika tano baada ya wingu kutanda. Tochi ya simu iwe na chaji.

Watoto waacheni kwa bibi yao, na mwambieni saa ya kurudi kwa kuongeza saa nzima juu ya ile mnayoidhania. Mlo huu hauendi haraka. Kati ya sahani na sahani mtakaa, na kule kukaa ndiko mlikokwendea; anayezoea kula kwa dakika ishirini atadhani amesahauliwa.

Kuhusu pesa, muulize kwenye simu ile ile bei ni ngapi kwa shilingi, kwa sababu baadhi ya menyu za Mji Mkongwe zilikuwa zikiandikwa kwa dola, mpaka kanuni za 2025 zilipokataza bei za fedha za kigeni. Uliza kama kodi na gharama ya huduma zimo ndani ya bei, na kama kadi inaongezewa kitu. Kadiria sahani ya mwanzo moja ya kugawana, plat mbili, kitamutamu kimoja, maji na kinywaji baridi, kisha beba zaidi ya hapo taslimu, mtandao ukikatika usiende kubembeleza mashine mbele ya kaunta. Maji ya chupa huhesabiwa, na chupa mbili za maji za Ulaya zinaweza kushindana na bei ya kianzio. Mwambieni mnataka maji ya hapa hapa.

Bili haitaletwa mpaka uiite. Kwa Mfaransa, kumpelekea mteja bili asiyoiomba ni kumfukuza, kwa hivyo wahudumu waliofunzwa kwa mtindo huo watakuacheni hata taa za jirani zizimwe. Nyanyua mkono kidogo, inatosha. Ufaransa kwenyewe huduma imo ndani ya bei kisheria na watu huacha sarafu chache tu. Kwetu hapa tazama mstari wa chini wa bili, ikiwa huduma haimo, bakshishi mpe mhudumu mwenyewe mkononi, kwa shilingi, wala usiiandike kwenye risiti ya kadi.