Somo: Kuchagua Kisu cha Kukunja cha Karakana Ndogo kwa Mkazi wa Pwani

Somo hili nimeliandika kwa ajili ya mtu aliyejiwekea akiba kwa muda mrefu, akavipunguza visu anavyovitamani hadi vikabaki viwili au vitatu, vyote vya kukunja na vyote vya karakana ndogo zenye kuheshimika, na sasa anashindwa kuamua kwa sababu kila kimoja kinasifiwa kwa chuma chake. Msimamo wangu, baada ya miaka mingi ya kuvitumia, kuvifungua na kuvinoa visu vya namna hii hapa Dar es Salaam, ni kwamba mkazi wa pwani achague kwanza maungio, yaani pale ubapa unapozungukia ndani ya mpini, na jina la chuma lifuate.

Hatua ya kwanza: taja kazi

Andika kwenye karatasi kazi tatu ambazo kisu kitafanya kila wiki. Kumenya machungwa, kufungua mizigo Kariakoo na kutengeneza samaki wa Feri ni kazi zisizofanana. Kwa watu wengi ubapa wa milimita 75 hivi unatosha. Anayetayarisha chakula mara kwa mara atafurahia ule wa 90.

Hatua ya pili: kipime chuma kwa chumvi

Chuma cha kaboni kiitwacho 1095, ambacho karakana ya Great Eastern Cutlery ya Titusville, Pennsylvania, Marekani, hukitumia katika visu vyake vya jadi, kina kaboni karibu asilimia 0.95 na hakina kromi ya kutosha kuzuia kutu. Hunoleka kwa urahisi mno, nami nakipenda. Hata hivyo, niliwahi kurudi na kisu cha aina hiyo kutoka kuvua Kigamboni, nikaufuta ubapa vizuri, nikakiacha mfukoni siku mbili. Ubapa ulibaki salama, lakini ndani, kati ya springi inayoushikilia ubapa na kitako cha ubapa, yaani mwisho wake ulio ndani ya mpini, chumvi ilikuwa imechimba vishimo ambavyo hakuna mafuta yaliyoweza kuvirudisha. Kosa lilikuwa langu, na ndilo lililonifundisha kuanza kutazama ndani.

Katika vyuma vya kisasa, msomaji asidanganywe na kiwango cha kromi pekee. CPM S35VN, iliyotolewa na kampuni ya vyuma ya Crucible mwaka 2009 kwa kushirikiana na mtengenezaji wa visu Chris Reeve, ina kromi asilimia 14. MagnaCut, iliyobuniwa na mtaalamu wa metali Larrin Thomas na kuingia sokoni mwaka 2021, ina karibu asilimia 10.7 tu, na bado hustahimili kutu vizuri zaidi. Sababu ni kwamba katika vyuma vingi sehemu ya kromi hufungwa ndani ya chembe ngumu za kabidi (metali iliyoungana na kaboni) na haibaki huru kuulinda uso wa chuma, ilhali MagnaCut imepangwa ili kabidi za kromi zisijitokeze, na kromi yake karibu yote ibaki kazini. Kwa anayeishi Msasani, Kigamboni au Kunduchi, tofauti hiyo huonekana. Kwa anayeishi mbali kidogo na maji na mwenye mazoea ya kufuta kisu chake, S35VN inatosha kabisa.

Hatua ya tatu: kagua maungio

Hapa ndipo fedha yako inapokwenda, na hapa ndipo ninapoomba subira ya msomaji.

Tuanze na kufuli. Chris Reeve, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia Marekani mwaka 1989, ndiye aliyeleta kisu ambacho sehemu ya mpini wa titani wenyewe hukatwa ikawa mkono wa kufuli, ukaja kukaa nyuma ya ubapa unapofunguliwa. Alikiita Sebenza, neno la Kizulu lenye maana ya kufanya kazi, na karakana nyingi zimeufuata mtindo huo. Udhaifu wake unajulikana: titani ni laini kuliko chuma cha ubapa, hivyo husuguana, hunata, na baada ya muda mkono wa kufuli husogea mbele. Waundaji makini hulitibu jambo hilo, wengine kwa kuweka kipande cha chuma kwenye ncha ya mkono huo, na Sebenza 31 kwa kuweka gololi ya kauri. Ukikuta kisu cha bei kubwa chenye titani tupu mahali hapo, muulize muundaji ameifanyia nini, na jibu lake likiwa la kukwepa, ondoka.

Kifungue kisu, ukishike kwa mpini, kisha sukuma ubapa kushoto na kulia, halafu juu na chini. Mchezo wa pembeni, yaani ubapa kutikisika kushoto na kulia, mara nyingi huondoka kwa kukaza skrubu ya mhimili ambao ubapa huuzungukia. Mchezo wa juu na chini maana yake kufuli halikuchongwa sawasawa, na hilo si jambo la kurekebishwa nyumbani. Tazama pia mkono wa kufuli umeingia kiasi gani: ukifunika theluthi moja hadi nusu ya kitako cha ubapa, una nafasi ya kuchakaa kwa miaka mingi, lakini ukiwa umeshafika upande wa pili kisu kikiwa kipya, umri wake umeshaliwa.

Kuna pia suala la beringi na washa, yaani vile vipande vinavyokaa kati ya ubapa na mpini ili ubapa uzunguke. Beringi za gololi huufanya ubapa uruke kwa mguso mdogo, na ni raha ya kweli mkononi. Lakini vumbi letu la kiangazi na mchanga wa ufukweni huingia kati ya gololi, na gololi za chuma hushika kutu. Washa za shaba nyeusi huzunguka polepole zaidi, huhitaji siku za kulainika, na husafishwa kwa kitambaa na tone la mafuta ya cherehani. Kwa jiji hili nachagua washa bila kusita.

Jambo la mwisho katika maungio ni ruhusa ya kuyafungua. Baadhi ya waundaji hufuta dhamana ukigusa skrubu. Karakana ya Chris Reeve humruhusu mwenye kisu kukifungua. Kwetu sisi, ambao kisu kikirudishwa kwa muundaji husafiri mabara mawili, ruhusa hiyo ina thamani kubwa kuliko mapambo yoyote.

Hatua ya nne: unene na kinoo

Pima unene nyuma ya makali, usipime mgongo peke yake. Ubapa wenye nusu milimita au pungufu mahali hapo hukata embe bila kulipasua. Wenye milimita moja utakuwa kabari, hata chuma chake kiwe bora namna gani. Kumbuka pia kwamba vyuma vyenye metali ya vanadi kwa wingi vina chembe ngumu kuliko vinoo vya kawaida, kwa hiyo weka fedha ya kinoo cha almasi ndani ya bajeti ya kisu tangu mwanzo.

Hatua ya tano: mpini

Titani haidhuriwi na maji ya bahari. Mbao hunywa unyevu wakati wa masika na kuvimba, isipokuwa chache, na bora kati ya hizo ni yetu wenyewe, mpingo, mti mzito kiasi cha kuzama majini. Naona fahari kubwa kila ninapoukuta kwenye kisu kilichotengenezwa Ulaya.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Kigamboni: Shikamoo mwalimu. Nimebakiwa na viwili: kimoja cha MagnaCut chenye beringi za gololi, kingine cha S35VN chenye washa. Nashinda kwenye boti. Nichukue kipi?

Jibu: Marahaba. Swali lako ni gumu kwa sababu bahari inautaka ubapa wa kwanza na maungio ya pili. Muulize muundaji wa kile cha MagnaCut mambo mawili: kama gololi zake ni za kauri, na kama anakuruhusu kukifungua. Akikubali yote mawili, kichukue na ukisuuze kwa maji yasiyo na chumvi kila jioni. La sivyo, chukua cha S35VN, kwa kuwa doa la ubapani utaliona na kulifuta, lakini kutu ya kwenye gololi utaijua ubapa ukianza kukwaruza.

Mwanachama wa Ubungo: Mwalimu, mimi ni mshonaji, na kucha zangu huvunjika nikifungua visu vya springi, vile visivyo na kufuli. Je, springi ngumu ndiyo dalili ya ubora?

Jibu: Hapana, dada yangu. Ubora wa kisu kisicho na kufuli hutambuliwa kwa springi kukaa sawa na mgongo, bila mwanya, kisu kikiwa wazi na kikiwa kimefungwa, na kwa ubapa kusimama imara ukiwa wazi. Ugumu uliopita kiasi humfanya mtu atumie nguvu nyingi, na kidole huteleza. Kwa kazi yako tafuta kisu chenye kufuli na kitufe kidogo ubapani cha kuusukumia kwa kidole gumba.

Mwanachama wa Sinza: Nimepata kilichotumika kwa bei nzuri, lakini muuzaji yuko nje ya nchi. Nimwombe picha zipi?

Jibu: Mwombe nne. Ya kwanza ioneshe kufuli lilivyokaa kisu kikiwa wazi. Ya pili kisu kikiwa kimefungwa, ikipigwa kutoka upande wa mwanya, uone kama ubapa umekaa katikati. Ya tatu ubapa wote kwa upande, uulinganishe na kipya, kwa maana ubapa ulionolewa vibaya hupungua upana karibu na ncha. Ya nne vichwa vya skrubu. Vikiwa vimeliwa, kuna aliyekifungua kwa bisibisi isiyo yake. Kabla ya kulinganisha bei, ongeza usafiri, ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani.

Mwanachama huyohuyo: Nikitaka kubadilisha mpini wake uwe wa mpingo kutoka kwa wachongaji wa Mwenge?

Jibu: Inawezekana, ila omba kipande kilichokauka kivulini kwa muda mrefu, kwani mpingo mbichi hupasuka ukishatobolewa. Kama unakusudia kumpelekea muundaji mbao nje ya nchi, fahamu kwamba tangu Januari 2017 mpingo, pamoja na karibu jenasi nzima ya Dalbergia, yaani kundi la miti ya ukoo wake, umo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, hivyo uliza vibali kabla ya kufunga kifurushi. Tunza pia mpini wa awali pamoja na skrubu zake zote katika kopo lililofungwa vizuri. Ukija kukiuza, mnunuzi atakuuliza habari zake.