Kutaja sio kuhusu: jinsi ya kutenganisha hivi viwili unapojenga ontolojia

Ontolojia ni ramani ya vitu na mahusiano yake, iliyoandikwa ili kompyuta iweze kuisoma. Tuanze na meseji moja, niliikuta kwenye simu ya mama anayeanika dagaa huku Igombe, Mwanza, imetumwa alfajiri na kijana wake wa mtumbwini: "Shikamoo mama, leo hamna kitu, mwezi mkali, tusubiri giza."

Isome tena taratibu. Neno dagaa halimo, ziwa halimo, karabai halimo. Kitu pekee kilichotajwa humo ambacho unaweza kukinyooshea kidole ni mwezi, na mtu yeyote aliyewahi kukaa mwaloni anajua hiyo meseji haihusu mwezi hata kidogo, inahusu dagaa wa usiku ule ambao hawakupatikana, maana dagaa tunawavua kwa taa na mwezi ukiwaka taa haiwavuti tena. Kwa hiyo hapo unapata kitu kinachotajwa bila kuhusiwa, na kitu kinachohusiwa bila kutajwa, vyote kwenye mstari mmoja wa meseji.

Mi nilijifunza hili kwa kuumia. Nilikuwa nasaidia kikundi cha kina mama kupanga meseji zao kwenye databezi ili wajue miezi ipi wakope hela ya chumvi na turubai na ipi watulie, nikafanya ile njia ya haraka, meseji yenye neno dagaa naipa lebo ya dagaa, isiyo nalo naiacha. Grafu ikatoka nzuri sana, mavuno mazuri wiki baada ya wiki. Mama mmoja akaiangalia akaniambia, "Baba, mbona hapa hakuna siku tuliyolala njaa?" Alikuwa sahihi kabisa. Siku mbaya watu hawaandiki dagaa, wanaandika mwezi, upepo, "hamna kitu", kwa hiyo siku zote mbaya zilikuwa zimeanguka nje ya hesabu, na wale kina mama walikuwa karibu kukopa kwa kutegemea grafu yangu.

Sasa jinsi ya kufanya.

Kwanza kabisa tenganisha kibebeo na maudhui. Simu ni kitu kimoja, daftari la mwalo ni kitu kingine, na kile kilichoandikwa kinaweza kuhama kutoka simu kwenda daftari kikabaki kilekile. Ukitumia BFO, ile ontolojia ya juu, yaani ya aina za jumla kabisa za vitu, iliyopitishwa kuwa kiwango cha ISO mwaka 2021, maudhui ni kitu kinachotegemea kibebeo chochote na sio lazima kiwe hiki tu. Hii haina ugumu, ifanye upite.

Pili, vunja maudhui vipande vipande uzungushie kila neno linalonyooshea kitu, hapa ndo kwenye kurejelea, yaani kule kutaja. Swali lake ni fupi, neno hili linanyooshea kitu gani? Halafu kitu hicho kipe kitambulisho chake chenyewe, usitumie jina kama kitambulisho, nakusihi. Kwetu huku utaona haraka kwa nini. "Mwanza" ni jiji, ni mkoa, na ni meli. Na ziwa lenyewe ni moja lakini Mjaluo atakwambia Nam Lolwe, Mganda atakwambia Nalubaale, na hili la Victoria lilibandikwa na Speke, mpelelezi Mwingereza, mwaka 1858 kwa heshima ya malkia wake, ila mvuvi akiandika Victoria leo hanyooshei malkia wa Uingereza, ananyooshea maji. Jina linaweza kuwa limetoka kwa mtu na lisimrejelee kabisa. Frege, yule mwanafalsafa Mjerumani, alilieleza jambo la jirani na hili mwaka 1892 kwa nyota ya asubuhi na nyota ya jioni, majina mawili ya Zuhura ileile, na bado mtu akiambiwa kwamba hizo mbili ni moja anakuwa amepata habari mpya. Kwa hiyo tunza na kitu, na namna kilivyoitwa, vyote viwili.

Tatu, rudi kwenye maudhui mazima uulize swali tofauti kabisa: ujumbe huu unajibu swali gani la mtu gani? Hapo ndo unapata kuhusu. Mama alikuwa anasubiri kujua kama kuna mzigo wa kuanika, basi meseji inahusu uvuvi wa dagaa wa usiku ule. Kama bado una wasiwasi fanya jaribio la kufuta, ondoa neno "mwezi" weka "upepo", mama bado anapata jibu lilelile la kwamba asitandaze turubai, kwa hiyo mwezi ulikuwa ni sababu iliyotajwa tu. Kisha badilisha "hamna kitu" iwe "ndoo kumi", hapo jibu limegeuka, umegusa kiini. Jaribio hili mi nalipenda kuliko fasili zote nilizosoma kwa sababu hata mtu ambaye hajawahi kufungua kompyuta anaweza kulifanya, na watu wanaojua meseji zinahusu nini ni hao hao kina mama, sio sisi tunaokaa na laptopu, kwa hiyo kaa nao uwasomee moja moja.

Nne ni kuchagua propati, yaani jina la uhusiano kati ya kitu na kitu, na hapa twende polepole kwa sababu ontolojia kubwa hazikubaliani. Kwenye IAO, ontolojia ya habari na maandishi iliyojengwa juu ya BFO, propati ya denotes (kurejelea) imewekwa chini ya is about (kuhusu). Maana yake ukiandika kwamba meseji nzima ina-denote mwezi, mashine ya kufikiri (reasoner, programu inayotoa hitimisho kutoka kwenye ulichoandika) itahitimisha yenyewe kwamba meseji inahusu mwezi, na umerudi kulekule. Dawa yake ni kuweka denotes kwenye neno "mwezi", neno liwe sehemu ya meseji, na is about ikae kwenye meseji yenyewe ielekee uvuvi wa usiku ule. Kutajwa utakupata kwa SPARQL, lugha ya kuulizia maswali data ya aina hii, kwa kupita kwenye sehemu za meseji. Kwenye CIDOC CRM, inayotumiwa sana na watu wa makumbusho, mambo yamegeuzwa, P129 ya kuhusu iko chini ya P67 ya kurejelea, kila kinachohusiwa kinahesabiwa pia kimerejelewa, kwa hiyo "kurejelea" kwao ni kupana kuliko huku kwa maneno. Schema.org wao wameweka about (kuhusu) na mentions (kutaja) kama propati mbili na kusema wazi kwamba kutaja sio lazima iwe kuhusu. Usichanganye hizi tatu kwenye faili moja kabla hujakaa ukaandika ipi inamaanisha nini kwako. Fungua Protégé, programu ya kuandikia ontolojia, washa mashine ya kufikiri kwenye meseji tano tu, uone inahitimisha nini, afu ndo uendelee na elfu.

Kuna sehemu moja ngumu nisiiruke, vitu ambavyo havipo. Michoro ya daraja la Kigongo-Busisi ilikuwepo miaka kadhaa kabla ya daraja lenyewe, lile la kilometa kama 3 lililofunguliwa Juni 2025, na kipindi hicho chote tunapanga foleni ya kivuko pale, je michoro ilikuwa inarejelea daraja gani? Hakuna. Kurejelea kunataka kitu kiwepo cha kunyooshewa. Ila michoro ilihusu vitu vilivyokuwepo, ile sehemu ya ziwa, barabara za pande mbili, na ikaeleza aina ya kitu kinachotakiwa kujengwa. "Hamna kitu" ni vilevile, usitengeneze kitu kinachoitwa dagaa wasiopatikana, lenga usiku wenyewe wa uvuvi, ambao ulikuwepo kweli, uupe kipimo cha mavuno sifuri. Sifuri hiyo ndo ilikosekana kwenye grafu yangu, na nilipoiweka zile siku za mwezi mkali zikajitokeza kila mwezi kama mabonde.

Mwisho kuna majibu mafupi. Mama alimjibu kijana wake "Marahaba baba, haya", na hapo hakuna kilichotajwa kabisa. Usiitupe hiyo meseji wala usiipe lebo ya salamu, iunganishe na ile iliyotangulia, ichukue kuhusu kwake kutoka huko, na andika pembeni kwamba umeirithisha, ili mwingine akija baadaye ajue haikusomwa kwenye maneno yenyewe.