Presha ya kushuka: jinsi ya kujua kama ni maumbile yako au ni hatari

Mtu akipata kizunguzungu, jirani ndiye daktari wake wa kwanza: "Hiyo presha imeshuka, lamba chumvi, kunywa soda." Mimi ni muuguzi, na ushauri huo naukuta hata kwa wagonjwa wa presha ya kupanda, ambao chumvi ndiyo inayowaumiza. Kabla ya kulamba chochote, fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Pima, usikisie

Kizunguzungu si kipimo. Sukari ikishuka, damu ikipungua, malaria ikipanda au sikio la ndani likiugua, utasikia dunia inazunguka na presha yako iko sawa kabisa. Tumia mashine ya kufunga juu ya kiwiko. Kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini bila kupishana, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya nguo, na uenee mkono wako. Mkanda mpana kwenye mkono mwembamba hutoa namba ya chini kuliko ilivyo kweli, na wapo mabinti wanaoambiwa wana presha ya kushuka kwa sababu hiyo tu. Pumzika dakika moja, rudia, kisha andika namba zote tatu: ya juu, ya chini na mapigo ya moyo.

Hatua ya 2: Linganisha na presha yako ya siku zote

Chini ya 90/60 ndipo tunapoita presha ya kushuka. Lakini namba hiyo peke yake haitoshi. Binti mwembamba, mwanariadha au mjamzito wa miezi minne au mitano anaweza kuwa na 88/56 na akala, akafanya kazi na akakojoa vizuri. Huyo hahitaji dawa. Mzee aliyezoea 160/95 akikutwa na 100/60 ghafla, huku amelegea na haeleweki anachosema, huyo ni mgonjwa, ingawa namba zake zinaonekana nzuri. Ndiyo maana nawasihi watu watunze daftari la vipimo vyao: bila kujua ulikotoka, hatuwezi kujua umeshuka kiasi gani.

Hatua ya 3: Soma mapigo na ngozi

Hapa ndipo wagonjwa wengi hutupita bila kutambuliwa, na ndipo maisha yanapookolewa. Mwili ukipoteza damu au maji, presha haishuki mara moja. Kwanza moyo huongeza kasi na mishipa ya mikono na miguu hujibana ili damu iende kwenye ubongo na moyo. Vijana, watoto na wajawazito huweza kuhimili hali hiyo kwa muda mrefu, kisha wakaanguka ghafla. Kwa hiyo 100/65 yenye mapigo 70 kwa dakika ni habari njema. 100/65 yenye mapigo 125 ni hatari. Kwa mtu mzima, mapigo yakizidi namba ya juu ya presha, usisubiri. (Anayetumia atenololi au propranololi, dawa za presha na moyo zinazopunguza kasi ya mapigo, mapigo yake huenda yasipande, basi yasikutulize.)

Gusa mikono: je, ni ya baridi na ina jasho? Bonyeza ncha ya kidole sekunde 5, uachie. Rangi ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde 3, damu haifiki inavyotakiwa. Uliza pia alikojoa lini mara ya mwisho.

Hatua ya 4: Pima umelala, kisha umesimama

Hii ni kwa anayeona giza anapoinuka kitandani. Lala dakika 5 upime, simama ukiwa na mtu wa kukushika, upime tena dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini ikishuka 10, mpelekee daktari matokeo hayo. Mara nyingi ni upungufu wa maji, dawa, au kisukari cha muda mrefu kilichoharibu neva.

Hatua ya 5: Tafuta chanzo

Anza na mfuko wa dawa. Dawa za presha, za kuongeza mkojo na za tezi dume zote hushusha. Dawa za nguvu za kiume zikichanganywa na zile za moyo zinazowekwa chini ya ulimi zinaweza kuua. Usiache dawa ya presha kwa uamuzi wako. Mwone daktari, na kama utafunga Ramadhani, nenda kabla mwezi haujaandama ili akupangie saa na kipimo.

Kisha uliza: kuharisha, kutapika, homa? Choo cheusi chenye kunata baada ya kutumia sana vidonge vya maumivu? Mwanamke amekosa hedhi na tumbo linauma upande mmoja? Hiyo inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi, inayovujia damu ndani bila hata tone kuonekana.

Hatua ya 6: Chukua hatua

Kama ni kizunguzungu cha kuinuka tu, kunywa maji na inuka taratibu: keti kwanza, ndipo usimame. Anayeharisha apewe ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti. Aliyezimia alazwe chali na miguu iinuliwe. Mjamzito alazwe ubavu wa kushoto. Aliyezimia asinyweshwe kitu mpaka azinduke vizuri.

Presha ikiwa chini pamoja na maumivu ya kifua, kuhema kwa shida, kuchanganyikiwa, homa kali, kutokwa damu au kutokojoa, nenda hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku. Mama aliyejifungua anayelowesha pedi baada ya pedi asisubiri hata mashine ya kupimia. Mkifika mapokezi msikae kwenye foleni: mtajieni muuguzi presha, mapigo, dawa anazotumia na saa hali ilipoanza.