Kufunga simu ya mezani ya intaneti nyuma ya ruta ya nyumbani

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye faiba nyumbani au dukani, aliyeshapata akaunti ya SIP (lugha ya kupigia simu kupitia intaneti) kwa mtoa huduma, na anataka simu ya kawaida ya mezani iite. Nimeuandika baada ya kumfungia jirani mwenye duka la vipuri.

Hatua ya 1: Kifaa

Ruta nyingi za faiba zina tundu lililoandikwa TEL au POTS. Usilitegemee. Mara nyingi kampuni ya intaneti imelifunga kwa ajili ya namba zake yenyewe, na ukurasa wa kuingiza akaunti yako hutauona. Nunua adapta ya simu, kikasha kinachounganisha simu ya kawaida na intaneti. Mimi natumia Grandstream HT801: tundu moja la simu, moja la mtandao, basi.

Hatua ya 2: Waya

Tundu la LAN la ruta hadi adapta, adapta hadi simu.

Hatua ya 3: Akaunti

Inua mkonga, bonyeza nyota mara tatu, kisha 02. Sauti ya Kiingereza itakusomea anwani ya IP ya adapta, mfano 192.168.1.23. Iandike kwenye kivinjari, ingia, badilisha nywila ya kiwandani kabla ya kitu kingine chochote. Kwenye ukurasa wa FXS Port jaza seva, namba na nywila ulizopewa. Hifadhi, zima, washa.

Hatua ya 4: Zima SIP ALG kwenye ruta

Hapa ndipo watu wanapokesha. Simu inaita vizuri, unapokea, halafu wewe unamsikia mwenzako yeye hakusikii. Au mnaongea raha mustarehe na simu inakatika ikikaribia nusu dakika, kila mara palepale. Mtu anaanza kulaumu bando, anabadilisha waya, ananunua adapta nyingine.

Mkosaji ni ruta. SIP hubeba anwani ndani ya ujumbe wenyewe, na ALG, sehemu ya ruta inayochungulia ujumbe wa SIP, iliwekwa ili ibadilishe anwani hizo za ndani ziwe za nje. Ni kama tarishi anayefungua barua zako na kusahihisha anwani kwa kalamu yake: akikosea mstari mmoja, jibu linakwenda kwa mtu mwingine. Watoa huduma wengi siku hizi wanajua kushughulikia NAT (ruta kubadilisha anwani za ndani ziwe za nje) upande wao, kwa hiyo msaada huu unaharibu tu. Ile nusu dakika nayo ina sababu. Simu ikipokelewa, aliyepiga anatakiwa kurudisha ujumbe wa ACK, yaani uthibitisho. Usipofika ndani ya sekunde 32, upande uliopokea unakata.

Kwenye TP-Link tafuta ALG chini ya NAT Forwarding, au chini ya Security kwa matoleo mapya, uondoe tiki ya SIP. Kwenye MikroTik ni mstari mmoja:

/ip firewall service-port disable sip

Ukishazima, washa upya ruta na adapta. Usiruke hili. Ruta inakumbuka mawasiliano ya zamani, na utadhani mabadiliko hayajafanya kazi.

Ruta ya kampuni ikikuficha kitufe hicho, kuna njia mbili. Muulize mtoa huduma wa simu kama anapokea TLS (njia ya kuficha ujumbe), kwa kawaida kwenye mlango (port) 5061: ujumbe ukishafichwa, ALG haiwezi kuusoma. Kama hana, muombe mlango mwingine usio 5060, ule wa kawaida wa SIP, maana ALG nyingi huchungulia huo tu. Njia ya kwanza ni bora.

Hatua ya 5: Kuweka njia wazi

Kama unapiga sawa lakini simu za kuingia hazifiki baada ya kukaa kimya kidogo, ruta imesahau njia ya kurudi. Kwenye ukurasa wa adapta, sehemu ya NAT Traversal, chagua Keep-Alive, muda uwe sekunde 20 hivi.

Hatua ya 6: Usifungue milango

Utakutana na ushauri wa kufungua 5060 kwenye ruta au kuiweka adapta kwenye DMZ, yaani kuiacha wazi kwa intaneti yote. Achana nao. Kuna roboti zinazopekua intaneti usiku kucha zikitafuta mlango huo, na simu yako italia saa tisa usiku kutoka namba kama 100 au 1001, ukipokea, kimya. Badala yake, kwenye ukurasa wa adapta weka Yes kwenye Allow Incoming SIP Messages from SIP Proxy Only.

Hatua ya 7: Kasi na umeme

Simu moja ya G.711 (njia ya kawaida ya kubeba sauti) inakula takriban kilobiti 87 kwa sekunde kila upande. Sauti ikikwaruza mtu anapopakia video, tatizo ni foleni ya kupandisha data. Kwenye ruta yenye OpenWrt (programu huria ya ruta), washa SQM, kipangaji cha foleni hiyo.

Umeme ukikatika, simu hii inazimika pamoja na ruta, kwa hiyo weka UPS ndogo ya ruta. Chagua yenye matundu ya volti 5 na 12 pamoja: HT801 inatumia 5, ruta nyingi 12. Bandika karatasi kwenye kila waya wa umeme, maana ukichomeka wa ruta kwenye adapta utaiunguza.