Simu mpya: ununue sasa au usubiri toleo lijalo? Fuata hatua hizi kabla ya kutoa pesa

Mimi ni fundi simu Kariakoo, na swali ninaloulizwa mezani kwangu kuliko hata bei ya kioo ni hili: "Fundi, ninunue sasa au nisubiri inayokuja?" Mimi huanza kwa kumwomba mteja anipe simu aliyonayo mkononi. Majibu mengi yamo humo.

Hatua ya 1: Andika kinachokusumbua

Chukua karatasi, uandike kama mgonjwa anavyomweleza daktari. "Simu imechoka" hainisaidii kitu. Andika: inazima ikiwa na 30%, kamera inachelewa kufunguka, kila siku inasema nafasi imejaa, programu ya benki imekataa kufunguka. Kila tatizo kati ya hayo lina dawa yake, na machache tu ndiyo yanayodai simu mpya.

Ukikosa hata jambo moja la kuandika, basi simu yako ni nzima na wewe unatamani mpya. Hakuna ubaya. Ila itumie pesa ambayo haina kazi nyingine, na ujue kwamba wewe ndiye mwenye nguvu ya kusubiri bei ishuke, kwa sababu hakuna kinachokukimbiza.

Hatua ya 2: Pima betri

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapopoteza pesa nyingi bure.

Betri ya lithiamu ikizeeka hupungukiwa na mambo mawili: kiasi cha umeme inachobeba, na uwezo wa kuutoa kwa mkupuo. La pili wengi hawalijui. Ukifungua kamera au mchezo mzito, prosesa, yaani ubongo wa simu, inadai umeme mwingi ghafla. Betri iliyochoka haiwezi. Volti zinaporomoka na simu inazima, ingawa ilikuwa ikionyesha 30%. Mwaka 2017, ili kuzuia kuzima huko, Apple iliweka kwenye iOS 10.2.1, toleo la mfumo wa iPhone, utaratibu wa kupunguza kasi ya prosesa kwenye simu zenye betri chakavu. Wenye simu waliona tu zimekuwa nzito, wengi wakaamini zimepitwa na wakati. Jambo hilo lilipofichuka Desemba mwaka huohuo, kampuni iliomba radhi, ikashusha gharama ya kubadilishiwa betri kutoka dola 79 hadi 29 kwa mwaka 2018. Januari 2019 Tim Cook, mkuu wa Apple wakati huo, alipowaeleza wawekezaji kwa nini mauzo ya iPhone yalikuwa chini ya matarajio, alizitaja betri hizo za bei nafuu kuwa mojawapo ya sababu. Yaani watu waliweka betri mpya, wakaona simu imerudi, wakaacha kununua nyingine.

Kwenye iPhone fungua mipangilio, uingie sehemu ya betri, utazame afya yake. Ikiwa chini ya 80%, anza na betri. Apple yenyewe inasema betri za iPhone 14 na za nyuma yake zimeundwa kubaki na 80% baada ya mizunguko 500 kamili ya chaji. Kuanzia iPhone 15 ni mizunguko 1,000. Kwenye Samsung tumia programu ya Samsung Members, ina sehemu ya uchunguzi. Simu nyingine za Android zichunguze kwa macho: ichaji mpaka ijae, uiache usiku kucha bila kuigusa. Ikiamka imepoteza zaidi ya robo ya chaji na hakuna programu inayofanya kazi kwa nyuma, huenda betri imekwisha. Mfuniko wa nyuma ukiwa umenyanyuka au kioo kinaachia pembeni, betri imevimba; acha kuichaji leo hii na uipeleke kwa fundi.

Omba betri yenye dhamana, hata ya miezi mitatu. Betri ya bei ya chini kabisa sokoni itakurudisha kwenye swali lilelile kabla mwaka haujaisha.

Hatua ya 3: Fungua nafasi

Hifadhi ikijaa karibu yote, simu inakuwa nzito hata kama prosesa ni nzuri. Acha angalau sehemu moja ya kumi ikiwa tupu. Anzia WhatsApp: ingia mipangilio, kisha hifadhi na data, kisha udhibiti wa hifadhi, na ufute video za magrupu zinazojirudia. Ikigoma bado, hamisha picha na namba, uifute yote na kuianza upya. Baada ya hapo itumie wiki nzima kabla ya kuamua lolote.

Hatua ya 4: Tazama kama bado inapata masasisho

Tatizo la masasisho fundi hawezi kulitibu. Kwenye Android fungua sehemu ya taarifa za simu, utafute tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Ikiwa imepita mwaka mzima bila sasisho, na simu hiyo ndiyo inayobeba pesa zako na akaunti ya benki, mimi nakushauri ununue nyingine bila kungoja toleo lolote. Programu nazo huacha kufanya kazi kwenye mifumo ya zamani: Mei 2025 WhatsApp ilianza kudai iOS 15.1 au zaidi, hivyo iPhone 5s, 6 na 6 Plus zikabaki nje. iOS 26 iliyotoka Septemba 2025 iliziacha iPhone XR, XS na XS Max.

Wauzaji wengi hawakwambii hili: miaka ya masasisho huhesabiwa tangu modeli ilipotoka, si tangu ulipoinunua wewe. Samsung iliahidi miaka saba kuanzia Galaxy S24, na miaka sita kwa Galaxy A16. Google nayo iliahidi saba kuanzia Pixel 8. Simu ya ahadi ya miaka minne iliyokaa dukani miaka miwili, kwako ina miwili tu.

Hatua ya 5: Linganisha matengenezo na thamani ya simu

Uliza simu yako inauzwa ngapi ikiwa mtumba na ikiwa nzima. Matengenezo yakizidi nusu ya bei hiyo, usitengeneze. Betri na tundu la chaji mara nyingi hulipa. Kioo cha OLED, kile cha aina ya gharama, kwenye simu ya miaka minne mara nyingi hakilipi. Iliyoingia maji mpaka ubao wa umeme wa ndani ukaanza kula kutu, okoa picha zako tu.

Hatua ya 6: Sasa fungua kalenda

Kama hatua zilizopita zimeonyesha unahitaji simu, ndipo swali la kusubiri linapokuja. Kusubiri kuwe na tarehe na bei. Tetesi za kamera mpya hazina tarehe wala bei.

iPhone mpya kwa kawaida hutoka Septemba. Samsung huzindua Galaxy S mwanzoni mwa mwaka, na S24 na S25 zote zilitangazwa Januari. Galaxy A za daraja la kati kama A55 na A56 zilitoka Machi. Pixel 9 na Pixel 10 zilitangazwa Agosti. Ikiwa imebaki mwezi mmoja au miwili, na simu yako inaweza kuvuta, subiri. Lakini subiri kwa ajili ya ile inayoshuka bei. iPhone 13 ya kawaida ilianza kwa dola 799 mwaka 2021, ikawa 699 mwaka 2022, na 599 mwaka 2023. Huku kwetu mtumba unaotoka Dubai huongezeka baada ya uzinduzi, kwa kuwa walioko ughaibuni wanabadilisha zao. Mwenye bajeti ya kawaida hapo ndipo anaponufaika.

Kwa simu za bei nafuu mambo ni tofauti. Tangu mwishoni mwa 2025 chipu za kumbukumbu zimepanda bei sana, kwa sababu viwanda vinazielekeza kwenye vituo vya data vya akili unde. Simu ya shilingi laki tatu au nne za Tanzania haina faida kubwa ya kumezea ongezeko hilo, kwa hiyo toleo lijalo linaweza kuja na bei ya juu au RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) pungufu. Ukiiona iliyopo dukani inakutosha na ina miaka ya masasisho mbele yake, ichukue.

Hatua ya 7: Siku ya kununua

Bonyeza *#06# upate IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ukiwa Tanzania, au 1555 ukiwa Kenya. Jibu litaje modeli ileile unayoishika. Likitaja nyingine, ondoka. Tangu Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu bandia hapa Tanzania, hili si la kupuuzia.

Soma RAM vizuri. Boksi likisema 16GB, uliza kama ni 8 halisi na 8 za kuazima kutoka kwenye hifadhi. Za kuazima ni za polepole mno, usizilipie kana kwamba ni za kweli.

Kama ni mtumba, muuzaji aifute mbele yako na uiwashe upya kwa akaunti yako. Ikidai akaunti ya mtu mwingine, au ikitokea skrini ya kampuni ya mikopo, hiyo si simu ya kununua hata kwa nusu bei. Weka laini, piga simu, jaribu intaneti, chaji, kamera zote na spika ya sikioni ukiwa bado dukani, na risiti iandikwe IMEI.

Ile ya zamani usiiuze siku hiyohiyo. Hamisha kwanza WhatsApp, picha na programu za benki, hakikisha kila kitu kimefunguka kwenye mpya, kisha ondoa akaunti yako ya Google au iCloud ndipo uifute. Ukiifuta kabla ya kuondoa akaunti, inaweza kujifunga, na mnunuzi atakurudia.