Somo: Kupima kampaundi mpya kwenye seli za saratani ya tezi dume kwa njia ya MTT

MTT ni rangi ya njano ambayo seli hai huigeuza zambarau, hivyo huonyesha ni seli ngapi ziko hai. Anza kwa kuchagua aina ya seli za maabara. PC-3 na DU145 hukua bila kutegemea homoni za kiume, LNCaP huzitegemea. Kampaundi inayoziba kipokezi cha androjeni (homoni hizo za kiume), ukiijaribu kwa PC-3 peke yake, utaitupa bure.

1. Panda seli 5,000 za PC-3 kwa kila kishimo cha sahani ya vishimo 96, ndani ya mikrolita 100 za RPMI 1640 (chakula cha seli) yenye seramu ya ndama 10%. Vishimo 36 vya pembezoni vijaze bafa (maji ya chumvi) tu, maana hukauka haraka na kupotosha majibu. Laza usiku kucha: nyuzi 37, kaboni dioksidi 5%.

2. Yeyusha kampaundi katika DMSO, kiyeyushio ambacho kikizidi huua seli, hadi milimola 10. Hapa ndipo wengi huharibu. Tia mikrolita 10 kwenye 990 za chakula cha seli: umepata mikromola 100, DMSO 1%. Sasa punguza nusu kwa nusu mara sita, kwa chakula chenye DMSO 1% vilevile. Ukitumia chakula kitupu, kishimo chenye dawa nyingi ndicho chenye DMSO nyingi, na hutajua kipi kimeua seli. Ongeza mikrolita 100 juu ya seli. Dozi ya juu inakuwa mikromola 50, DMSO 0.5% kila mahali. Tazama kwa hadubini: ukiona vijisindano, kampaundi imejitenga, na dozi uliyoandika siyo iliyozifikia seli.

3. Vya kulinganishia: DMSO pekee, dosetakseli (dawa ya saratani inayojulikana) nanomola 100, na vishimo visivyo na seli.

4. Baada ya saa 72, weka mikrolita 20 za MTT (miligramu 5 kwa mililita). Subiri saa 3 hadi 4. Seli hai huigeuza njano kuwa fuwele za zambarau. Nyonya chakula taratibu, yeyusha fuwele kwa mikrolita 100 za DMSO, soma kwenye nanomita 570. Rudia jaribio mara tatu, siku tofauti, ndipo ukokotoe IC50, yaani dozi inayopunguza seli hai kwa nusu.

MASWALI

Mwalimu, LNCaP zangu zinang'oka ninaponyonya chakula.
Hushika sahani kwa udhaifu. Paka polilisini kabla ya kupanda, zipe saa 48 zitulie. Mwishoni usinyonye kitu: ongeza mikrolita 100 za SDS (sabuni ya maabara) 10% yenye asidi kidogo juu ya chakula hicho, uache hadi kesho.

Kampaundi yangu inaonyesha seli hai 130%. Inazikuza?
Huenda inaigeuza MTT yenyewe. Kampaundi zenye kundi la thioli (salfa na hidrojeni) hufanya hivyo. Weka kampaundi na MTT bila seli. Zambarau ikitokea, hamia sulforodamini B, rangi inayoshika protini za seli.

IC50 ni mikromola 8. Nianze kuandika makala?
Pima kwanza RWPE-1, seli za tezi dume zisizo za saratani. Zikifa kwa mikromola 9, ulichonacho ni sumu ya seli zote.